Ulifanya Nini Siku Hiyo? Kujiandaa kwa Maswali ya Kitabia katika Usaili wa Kazi

Swali la kitabia katika usaili wa kazi hutambulika kwa silabi moja. Msaili anayeuliza "Ungefanya nini mteja akikufokea?" anataka maoni. Anayeuliza "Ulifanya nini siku mteja alipokufokea?" anataka tukio. Swali lenye -nge- linaweza kujibiwa hata na mtu ambaye hajawahi kusimama nyuma ya kaunta, mradi awe na busara na ulimi mwepesi. Lenye -li- halijibiki bila siku yenyewe: mteja alilalamikia nini, maneno gani yalisemwa, na mwisho wake ulikuwaje. Maswali haya huanza na "Tueleze wakati ambapo...", "Toa mfano wa...", au "Ni lini uliwahi...", na popote yanapoulizwa hurudia mambo yale yale: kutofautiana na mwenzako kazini, kubanwa na muda, kukosea, kushawishiwa kukiuka utaratibu, kuongoza watu wasiotaka kuongozwa.

Chimbuko la maswali haya ni Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mwanasaikolojia John Flanagan alikuwa katika kazi ya kuchagua na kutathmini marubani wa jeshi la anga. Taarifa za wakufunzi zilizosema tu kwamba mwanafunzi fulani "hafai" hazikumsaidia mtu. Palipoandikwa alichokifanya mwanafunzi huyo angani, siku fulani, katika hali fulani, ndipo palipopatikana la kujifunza. Flanagan aliichapisha mbinu hiyo ya kukusanya matukio mwaka 1954. Miaka 20 baadaye kampuni ya DDI, nayo ya Marekani, ikawa inawafundisha wasaili kuligawa tukio katika sehemu nne, na mwaka 1982 mtafiti Tom Janz alichapisha ulinganisho kati ya usaili wa namna hii na mazungumzo ya kawaida yasiyo na mpangilio. Wazo linaloushikilia usaili huu ni jepesi: alichokwisha kukifanya mtu hutabiri atakachofanya vizuri zaidi kuliko anachoahidi. Si kanuni isiyokosea, kwa kuwa watu hubadilika, ndiyo maana jopo makini huomba mfano wa pili na wa tatu.

Nchini Tanzania maswali haya yamewafikia watu wengi kadiri usaili wenyewe ulivyoenea. Ajira za serikali husimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyotokana na Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007. Mwombaji hutuma maombi kupitia Ajira Portal, hufanya mtihani wa mchujo, na baadhi ya kada, kama madereva, hupitia usaili wa vitendo kabla ya mahojiano ya ana kwa ana. Walimu, ambao kwa miaka mingi walipangiwa vituo bila kuhojiwa, nao waliingia katika utaratibu huu: mwanzoni mwa 2025 walifanyiwa usaili mikoani. Katika majopo ya serikali maswali mengi bado hupima taaluma, na ya kitabia huchanganywa humo. Katika mabenki na miradi ya mashirika yasiyo ya kiserikali mizani huelekea upande wa pili, na mashirika ya Umoja wa Mataifa huwaambia waombaji waziwazi kwamba usaili wao ni wa aina hii.

Kwa kijana wa Matai jambo hili liko mlangoni. Mji huu ulio kiasi cha kilomita 50 kutoka Sumbawanga, kwenye barabara iendayo bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika, ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kuimega Sumbawanga Vijijini. Wilaya huhitaji watendaji wa vijiji, madereva, waandishi waendesha ofisi, wauguzi na walimu. Wengi wanaoomba nafasi hizo wamekulia katika mashamba ya mahindi, maharage, ulezi na alizeti, wakasoma shule za kata, kisha wakaenda vyuoni na kurudi. Wakiulizwa kuhusu uzoefu wa kazi, wengi hujibu kwamba hawana. Jibu hilo si la kweli, na ndilo linalowaangusha.

Maandalizi huanzia kwenye tangazo la kazi. Matangazo ya Mtendaji wa Kijiji, kwa mfano, huorodhesha majukumu ambayo kila moja ni swali lililojificha. Mtendaji ni katibu wa mikutano ya kijiji, basi ataulizwa lini aliwahi kuandika muhtasari wa kikao au kutunza kumbukumbu zilizotegemewa na wengine. Hupokea na kutatua malalamiko na migogoro ya wananchi, kwa hiyo ataulizwa kuhusu ugomvi aliowahi kuuamua au kuutuliza. Ni msimamizi wa ulinzi na usalama, na msimamizi wa utekelezaji wa mipango ya maendeleo, mambo yanayodai ushahidi kwamba watu wameshawahi kumsikiliza na kazi zikafanyika. Hushika mali ya umma, na hapo uaminifu hautapita bila kuguswa. Mwombaji anayekaa na tangazo, akaandika pembeni ya kila jukumu swali linaloanza na "Lini uliwahi...", atakuwa amekisia sehemu kubwa ya mahojiano.

Hatua inayofuata ni kuyakusanya matukio, na hii ndiyo kazi yenyewe. Daftari la kawaida la kurasa 40 linatosha. Ndani yake huandikwa, bila mpangilio kwanza, kila tukio ambalo mwombaji alikuwa na wajibu, akaamua jambo, na matokeo yakaonekana. Hapo ndipo "sina uzoefu" huyeyuka. Aliyekuwa kiranja wa chakula katika shule ya bweni amewahi kugawa ugali usiotosha. Aliyekuwa karani wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 amewahi kubisha hodi katika kaya iliyokataa kuhesabiwa. Aliyesaidia kuandikisha wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku tangu msimu wa 2022/2023 amekutana na majina yaliyojirudia, namba za simu zisizopatikana na wazee waliokuja na vitambulisho vya watoto wao. Mwekahazina wa kikundi cha kuweka na kukopa amewahi kumdai jirani. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa katika mafunzo kwa vitendo, mwalimu aliyejitolea katika shule yenye upungufu wa walimu, kijana aliyefanya kazi katika duka la pembejeo, msichana aliyewaongoza wageni kwenda kutazama maporomoko ya Kalambo, kiongozi wa kwaya aliyesuluhisha ugomvi wa sauti ya kwanza na ya pili: wote hao wana matukio. Shamba nalo ni mahali pa kazi. Kijana aliyeachiwa ekari mbili za alizeti baba yake akiwa amelazwa, akapanga vibarua, akawalipa na kuuza, amesimamia watu, fedha na muda.

Matukio 8 hadi 10 yaliyochaguliwa vizuri hutosha kwa usaili mmoja, kwa kuwa tukio moja hubeba zaidi ya sifa moja. Kisa cha kaya iliyokataa kuhesabiwa kinaweza kujibu swali la uvumilivu, la kushawishi watu, au la kufanya kazi pasipo usimamizi wa karibu. Kinachobadilika ni sehemu inayokaziwa. Ya miaka ya karibuni hufaa zaidi, maana undani wake bado haujafutika kichwani. Na penye uwezekano huandikwa namba: kaya ngapi, magunia mangapi, siku ngapi, shilingi ngapi. Isiyokumbukwa sawasawa isitajwe kama hakika. "Takribani kaya 40" ni kauli ya mtu mkweli.

Tukio likishapatikana hupangwa katika sehemu nne ambazo wasaili wengi wamefundishwa kuzisikiliza, zinazojulikana kwa herufi za Kiingereza STAR: hali ilivyokuwa, jukumu la mhusika, hatua alizochukua, na matokeo. Mpangilio huu si mgeni kwa masikio ya Mswahili. Ni ule ule wa mtu anayesimulia kisa kwa utaratibu, mahali kwanza, kisha mkasa, kisha mwisho wake. Kinachohitaji nidhamu ni uwiano. Wasailiwa wengi hutumia dakika nzima kuelezea hali, wakianza na historia ya shule au kikundi, hadi mwenyekiti wa jopo anapotazama saa. Hali na jukumu zitoshe sentensi tatu au nne. Hatua zichukue zaidi ya nusu ya jibu, na jibu zima liwe dakika mbili hivi.

Ichukuliwe mifano ya majibu mawili kwa swali moja: "Tueleze wakati ulipotakiwa kumpendelea mtu wa karibu kazini." Msailiwa wa kwanza anajibu: "Mimi huwa sipendi upendeleo. Huwa nafuata sheria kwa sababu watu wote ni sawa, na hata ndugu yangu akija huwa namweleza afuate utaratibu." Hakuna ubaya katika maneno hayo, lakini hakuna tukio. Kiambishi hu- kinataja mazoea, na mazoea hayana tarehe wala shahidi. Jopo haliwezi kulipa alama jibu ambalo kila mtu angelitoa.

Msailiwa wa pili anasema: "Mwaka juzi nilikuwa kibarua kwenye kituo cha kununulia mahindi. Kazi yangu ilikuwa kupima unyevu kabla gunia halijapanda mizani, na mwisho wetu ulikuwa asilimia 13.5. Siku moja mjomba wangu alileta magunia 18, kipimo kikasoma 15. Akaniomba niandike 13, maana gari alilokodi lilikuwa linamsubiri. Nilimwambia siwezi, nikachukua sampuli ya gunia jingine na kuipima mbele yake ili aone mwenyewe. Kisha nilimfuata msimamizi, nikamwomba amruhusu mzee aanike kwenye maturubai pale pale uwanjani badala ya kurudisha mzigo. Baada ya zamu yangu nikamsaidia kumwaga. Siku ya tatu tulipima tena, magunia 17 yakapokelewa na moja likakataliwa. Mjomba alininunia kwa wiki kadhaa. Ila tangu siku hiyo msimamizi alinikabidhi daftari la vipimo."

Jibu hili lina nguvu kwa sababu kila hatua ina mtendaji na inaonekana. Kuna kukataa, kuna kuthibitisha kwa kipimo cha pili, kuna kumtafutia mkulima njia halali ya kuuza. Asilimia 13.5 ndiyo kiwango cha juu cha unyevu wa mahindi katika viwango vya Afrika Mashariki, na mtu anayeitaja bila kusitasita anaonyesha kwamba kazi aliifanya kweli. Hata kununa kwa mjomba kuna kazi yake: matokeo halisi mara nyingi huwa na gharama, na anayeitaja gharama huaminiwa zaidi kuliko anayemaliza kila kisa kwa furaha ya kila mtu.

Sarufi ya jibu hilo inastahili kutazamwa, kwa kuwa humo ndimo waombaji wengi wa Kalambo, na wa Tanzania kwa jumla, wanamojikwaa. Mtoto hulelewa asijitaje. Anayesema "mimi, mimi" mbele ya wakubwa huonekana ana majivuno, na kazi iliyofanikiwa husemwa kuwa ya wote. Ni malezi mema, na hakuna sababu ya kuyatupa. Lakini chumbani kwa jopo hugeuka ukungu. "Tulikaa, tukajadiliana, tukaona ni vema tuwaelimishe wananchi, na tatizo likatatuliwa." Nani aliitisha kikao? Nani alizungumza na wananchi? Tatizo lilitatuliwa na nani? Wakati tu- inamficha mtu katika kundi, kauli ya kutendwa inamwondoa kabisa, na jopo hubaki na alama ambayo halijui pa kuiandika.

Unyenyekevu na uwazi havigombani. Njia inayofaa ni kulitaja kundi mara moja, kwa heshima, kisha kusema sehemu yako kwa ni-: "Tulikuwa makarani wanne katika kijiji, na msimamizi wetu alitusaidia sana. Mimi nilipewa kitongoji cha ziwani. Nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikamwomba anitambulishe." Hapo hakuna majigambo. Kujisifu ni kujipa sifa: "mimi ni mchapakazi, mimi ni mwaminifu." Kusimulia ulichokifanya ni kutoa ushahidi, na sifa huachiwa wasikilizaji waitoe wenyewe. Zoezi zuri ni kuyapitia yale matukio ya daftarini na kupiga mstari chini ya kila tu- na kila kitenzi cha kutendwa, kisha kujiuliza kama mtendaji hakustahili kutajwa.

Swali linaloogopwa kuliko yote ni la kosa: "Tueleze jambo uliloshindwa." Baadhi hukimbilia majibu ya kujificha, kama kwamba kosa lao ni kufanya kazi kupita kiasi. Wengine humtupia lawama bosi wa zamani au wenzao wa chuo. Yote mawili hudhuru. Jibu zuri hutaja kosa la kweli, lenye ukubwa wa wastani, lililokuwa mikononi mwa msailiwa mwenyewe. Hueleza lilivyogundulika, nani aliambiwa na lilivyorekebishwa. Kisha hutaja kilichobadilika. Mwekahazina wa kikundi aliyegundua pungufu la shilingi 20,000 kwa sababu alikuwa akiandika mapato jioni badala ya papo hapo, akawaambia wanachama kabla hawajauliza, na tangu hapo akawa anatoa risiti mezani, ametoa jibu bora kuliko mtu anayedai hajawahi kukosea. Msailiwa aliyefanya kazi karibu na siri za watu, kama wagonjwa au wakopaji, asitaje majina wala mambo ya kuwatambulisha. Jopo hulipima hilo pia.

Kubuni kisa ni hatari, achilia mbali kwamba ni uongo. Wasaili wa maswali ya kitabia hufundishwa kuchimba: "Alikujibu nini?" "Kwa nini hukwenda kwa msimamizi kwanza?" "Mlikuwa wangapi?" "Ungerudi siku hiyo ungebadilisha nini?" Aliyekuwepo hujibu bila shida, hata akisema hakumbuki jambo moja. Aliyebuni hulazimika kujenga nyumba huku anaishi ndani yake. Kwa sababu hiyo hiyo majibu yasikaririwe neno kwa neno. Kinachokaririwa ni mifupa ya tukio, mahali, wajibu, hatua tatu au nne na mwisho wake, kisha maneno yaachwe yaje yenyewe.

Mazoezi ya kusema kwa sauti hayana mbadala. Kisa kinachosomeka vizuri daftarini hukwama mdomoni mara ya kwanza, hulegea mara ya tatu. Rafiki, dada, au mwalimu mstaafu anaweza kuwa jopo, simu ikahesabu dakika. Asiyejua lolote kuhusu kazi inayoombwa hufaa zaidi, kwa kuwa atauliza kila asichokielewa. Suala la lugha nalo lisiachwe hadi mlangoni. Kuna majopo yanayohoji kwa Kiswahili na yanayohoji kwa Kiingereza, hivyo ni busara kila tukio lisimuliwe kwa lugha zote mbili. Waombaji wengi wana matukio mazuri ya Kiswahili na Kiingereza cha kukariri. Wakibanwa hurudi kwenye sentensi za vitabuni, na tukio likapotea. Kiingereza chepesi kinachosema nani alifanya nini kinatosha.

Swali lisiloeleweka linaweza kuombwa lirudiwe, na kukaa kimya sekunde chache kutafuta mfano unaofaa si kosa. Ikiwa hakuna tukio la kazini linaloendana na swali, msailiwa aseme hivyo na kuomba kutoa mfano wa shuleni, kanisani, msikitini au shambani. Asipokuwa na mfano wowote, kukiri na kueleza angefanya nini ni salama kuliko kubuni. Hapo -nge- ina mahali pake.

Kuna pia maswali ya kibaguzi, yasiyo ya kitabia, ambayo mwombaji anapaswa kuyajua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, inakataza ubaguzi kwa misingi kama jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, dini, kabila na maambukizi ya VVU, na ulinzi huo unawahusu pia wanaoomba kazi. Msichana anayeulizwa ana mpango wa kuzaa lini anaweza kujibu kwa adabu kwamba yuko tayari kutimiza majukumu yaliyotajwa katika tangazo. Anayeombwa fedha au ngono ili apate kazi hayuko kwenye usaili tena: kumwomba hivyo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo.

Siku yenyewe huhitaji vyeti halisi, kitambulisho na kuwahi. Katika usaili wa serikali msailiwa hujigharamia nauli, chakula na malazi, na anayeitwa Dodoma kutoka Matai ana safari ndefu ya basi kupitia Sumbawanga, Tunduma na Mbeya. Afadhali afike siku moja kabla. Daftari la matukio lifungashwe pamoja na vyeti, lisomwe njiani, na baada ya usaili maswali yaliyoulizwa yaandikwe humo jioni ile ile kabla hayajasahaulika. Anayefaulu na nafasi zikawa hazitoshi, jina lake huwekwa katika kanzidata ya Sekretarieti ya Ajira, na anaweza kupangiwa kituo baadaye kwa alama zile zile alizopata mbele ya jopo siku hiyo.